Kifua cha Saoudat na Chetezo cha Koko

Miaka ile mamluki walikuwa wakipita Moroni na magari yao ya kijeshi. Lakini katika vichochoro vya Badjanani, Rahamatou aliogopa kitu kingine: kifua cha bintiye Saoudat. Kila asubuhi mama yake Rahamatou, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko, yaani bibi, alitia ubani kwenye chetezo. Kila asubuhi Saoudat alikohoa. Naye Koko akaongeza ubani.

"Hicho ni kijicho cha watu," alisema Koko. "Kifukizwe kitoke."

"Mbona dada yake hakohoi, mama? Wanalala mkeka mmoja."

"Kijicho kimemfuata aliye mzuri."

"Na mimi je, Koko?" Echat, dada mtu, akanuna.

Wakasafiri kwenda Mutsamudu, harusini kwa binamu yao Chamsia. Saoudat alitaka jambo moja tu: kushika mchi kwenye wadaha, ngoma ya wanawake wanaotwanga kinuni huku wakiimba. Alikuwa amejizoeza kwa mpini wa ufagio mpaka ufagio ukakatika.

Alasiri moja nyumba ya harusi ilijaa moshi wa udi. Saoudat akashikilia mlango. Kifua kilimpiga filimbi, midomo ikageuka rangi. Koko alikimbilia chetezo. Rahamatou alimkimbilia mtoto, akambeba mpaka kwenye teksi, Koko na Echat wakimfuata.

"Hospitali ya Hombo, dereva! Upesi!"

Huko muuguzi Batoul alimvutisha Saoudat dawa. Pumzi ikarudi polepole.

"Ni pumu," alisema Batoul. "Njia za hewa zimevimba ndani. Kuna mwingine katika ukoo wenu aliyesumbuliwa na kifua?"

Koko aliinama. "Kaka yangu Ibouroi. Alikufa kijana. Naye tulimfukiza sana."

Batoul akamshika mkono. "Hamkujua, Koko."

"Kwa hiyo damu yetu ni mbaya?" akauliza Koko.

"Si mbaya. Watoto wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Tazama, Saoudat ana pua yako, dada yake huyu hana. Ndani ya mwili ni vivyo hivyo. Saoudat amerithi kifua chepesi kuvimba, na moshi na vumbi vinakichokoza. Lakini kurithi wepesi wa kuugua si kurithi kifo. Mwepusheni moshi. Anikeni mikeka juani. Dawa apewe kama mtakavyoelekezwa, hata siku asipokohoa. Akibanwa tena, mleteni mbio."

"Na wadaha?" Saoudat aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pona kwanza. Ukifuata dawa, utatwanga."

Koko mwenyewe, aliporudi nyumba ya harusi, alitoa chetezo nje, akayamwagia maji makaa.

"Harusi gani hii bila udi?" wageni wakalalamika.

"Anayetaka harufu avae asumini!" akajibu Koko.

Siku ya wadaha ilipofika, Saoudat alikuwa mzima, na Batoul alikuwa amemruhusu. Akashika mchi. Akatwanga, akaitikia wimbo mpaka mwisho. Rahamatou alitega sikio, kama alivyozoea, asikie ile filimbi ya kifua. Alisikia wimbo tu.

Koko akapiga vigelegele, akapiga tena, akaongeza, mpaka ikabidi aketishwe kitini. Siku hiyo aliyekatikiwa pumzi alikuwa yeye.