Kikombe Kimoja kwa Siku

Kila asubuhi, huku kwetu milimani, Bibi Yangdol huchemsha majani ya chai, kisha huyasukasuka ndani ya pipa jembamba la mbao pamoja na siagi na chumvi. Si chumvi ya kuonja, ni ya kujaza kiganja. Mumewe, Babu Rigzin, huanza kuinywa jua halijatoka.

Mwaka mmoja Babu alianza kuumwa kichwa. Siku moja akaanguka shambani, katikati ya shayiri, mundu mkononi. Zahanati wakasema ni presha, wakampa vidonge. Bibi akaingiwa na hofu. Ataanguka tena? Na je, ni hii chai yangu?

Ndipo alipokuja Daktari Sumathi, mgeni kutoka kusini, ambako chai hutiwa sukari. Alikuwa akifanya utafiti: je, chumvi ya chai inapandisha presha kijijini kwetu? Akaketi jikoni kwa Bibi, karatasi magotini.

"Babu, kwa siku unakunywa vikombe vingapi vya chai?"

"Kimoja."

"Kimoja tu?"

"Na hicho chenyewe sijakimaliza."

Babu hakusema uongo. Kwetu kikombe hakiachwi kitupu. Ukipiga mafunda mawili, mama wa nyumba anajazia. Kikombe ni kile kile mpaka jioni. Daktari akaandika: kimoja. Alipita nyumba arobaini, na zote zikasema kimoja.

Kijiji kilikuwa kimechagua watu saba wa kumshauri daktari. Bibi alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti alikuwa Tsetan, aliyepeleka barua miaka thelathini, kwa hiyo anaijua kila nyumba na kila mbwa.

Kwenye mkutano daktari akasema, "Hapa mnakunywa chai kidogo sana. Nadhani tuache habari ya chumvi, tutafute sababu nyingine."

Bibi akainua mkono, kisha akaushusha. Majibu yakiwa na makosa, mumewe ataponaje?

"Bibi, sema," Tsetan akamwambia. "Sisi si vibarua wa daktari. Tumewekwa hapa tumwambie anapokosea."

Bibi akakohoa. "Mwanangu daktari, jana kwangu ulikunywa vikombe vingapi?"

"Kimoja, Bibi."

"Na chooni ulikwenda mara ngapi?"

Daktari akahesabu kwa vidole. "Mara nne."

Watu wakacheka mpaka Tsetan akadondosha miwani. Daktari naye akacheka, akafuta alichoandika.

"Sasa nipime nini?"

"Pima chumvi," Bibi akasema. "Kila nyumba ipewe kopo la chumvi iliyopimwa. Baada ya mwezi rudi upime iliyobaki, ujue iliyotumika, uigawe kwa idadi ya walaji. Lakini chumvi ya ng'ombe iwe na mfuko wake. La sivyo utaandika kwamba mume wangu analamba kilo tatu."

Tsetan akaongeza, "Na kila mtu aelezwe kwanza, aulize, akubali mwenyewe. Atakayekataa asisumbuliwe, na zahanatini atibiwe kama kawaida."

Wa kwanza kukataa alikuwa Babu Rigzin. "Walikuja wengine wakapima mbuzi wetu, wakaenda zao. Mpaka leo mbuzi hawajui majibu!"

"Ni haki yako, Babu," daktari akasema. "Ungependa nifanye nini?"

"Majibu yasomwe hapa kwanza, kabla ya kwenda popote."

Daktari akaahidi. Babu akakubali.

Majira ya baridi yalipokwisha, daktari akarudi na majibu, akayasoma mbele yetu kama alivyoahidi. Nyumba zilizotumia chumvi nyingi ndizo zilizokuwa na presha ya juu zaidi.

"Nyumba iliyoongoza ni ya nani?" Babu akauliza.

"Majina ni siri, Babu."

"Siri gani? Wote tunamtazama Tsetan."

Tangu hapo Bibi akawa anapunguza chumvi, kidogo kidogo kila wiki. Babu aliendelea kumeza vidonge. Baada ya miezi miwili akapimwa: presha imeshuka, na kichwa hakimuumi tena.

"Ni nguvu zangu za ujana," Babu akajigamba.

"Ni vidonge vyako, na chumvi niliyoipunguza hadi nusu," Bibi akasema.

Babu akakodoa macho. "Umenifanyia utafiti bila kuniuliza? Mjumbe mzima wa kamati!"

Bibi akaona haya. Ni kweli, alikosea.

"Basi nakuuliza sasa, mume wangu. Unakubali?"

Babu akapiga funda moja la chai, akakunja uso.

"Nakubali. Lakini mwambie daktari aandike kwamba nilinung'unika."