Mwenzake wa Ukutani

Aliinua upinde kutoka kwenye nyuzi, na sauti ya fidla ikaendelea.

Kidogo tu, kama pumzi ya mtu aliyesahau kunyamaza. Binti akadhani ni mwangwi. Ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye mafunzo ya muziki ya likizo, mdogo kuliko wote. Walimbandika jina la Kifaranga, wakacheka, kisha hakuna aliyemtafuta tena. Mezani wenzake walikaa makundi makundi. Yeye alikula harakaharaka, akarudi kwenye chumba chake cha mazoezi.

Kesho yake mchana alikosea noti. Ukutani, mtu akaipiga sawasawa. Akairudia, wakaipiga pamoja. Kifaranga akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

"Mwalimu, nani yuko chumba cha pili?"

"Chumba kipi? Nyuma ya ukuta ule ni nje, mwanangu. Ni hewa tupu mpaka chini bustanini."

Angehama siku ileile. Hakuhama. Upweke ni njaa, na mwenye njaa haulizi mpishi ni nani.

Akaanza kuacha kula. Ukuta nao ukaanza kunuka nywele zilizoungua, na kila alipoegemeza kidevu kwenye fidla alihisi kidevu kingine, baridi, kikiegemea bega lake, kana kwamba na yeye amekuwa fidla ya mtu, na vidole vyake vikakimbilia nyimbo ambazo hakufundishwa na yeyote, mpaka ncha zikachanika na damu ikatambaa kwenye nyuzi, na alipotaka kuacha akasikia mnong'ono kutoka ndani ya mbao, mpole kama wa mama anayebembeleza, ukimwambia, "Wao wana wenzao. Wewe una mimi. Endelea."

"Inatosha," alilia. Mkono haukusimama.

Mwalimu alimkuta katika hali hiyo, akampokonya upinde kwa nguvu, akampigia simu mama yake. Mama akaja na dada yake mkubwa, mganga wa kutoa majini. Mama mkubwa akagusa ukuta, akautoa mkono upesi.

"Huyu hakuvamia," alinong'ona. "Alikaribishwa. Mwanangu, mimi nitaomba, lakini kumfukuza utamfukuza wewe."

"Nikimfukuza, nitabaki na nani?"

Mama mkubwa akaanza dua. Dirisha likapasuka, na fidla ikalia yenyewe juu ya kiti kama mtoto anayeachishwa ziwa, hadi binti akasema huku machozi yakimdondoka, "Nenda. Sikutaki."

Kimya.

Vidole vilipona. Akabadilishiwa chumba, akaendelea na mafunzo. Siku moja mezani, msichana mmoja mpiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, alivuta kiti karibu naye.

"Kifaranga, wamenipa chumba chako cha zamani. Hivi yule jirani ni nani? Anapiga selo, we acha tu! Jana nimesahau hata kula."

Kifaranga alifungua kinywa amwonye. Akakifunga. Kilichomzuia hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu.