Mikono Yenye Udongo

Kwa kawaida Scola alikuwa mtoto wa kukimbizana na saa. Asubuhi alifagia uwanja, akawapa kuku pumba, akanywa uji ungali wa moto hata akaungua ulimi, kisha akashika njia ya shule na kamba moja ya kiatu ikiburuzika. Mama yake, Martha, alizoea kumwambia kwamba iko siku atasahau kichwa nyumbani.

Lakini wiki ile ya uchaguzi hapakuwa na pa kukimbilia. Shule ilifungwa. Redio ilisema huko mijini kumechafuka, watu watulie majumbani mwao, na mtandao nao ukazimwa. Mtaani kwao, pembezoni mwa mji wa Bariadi, maduka yalifunga milango. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini na kunyamaza mtoto akipita. Scola hakuelewa yote, ila hofu aliielewa vizuri sana.

Bibi Ng'washi, mama yake Martha, alikuwa amekuja kliniki kutoka Mwamapalala, akakwama kwa kukosa gari la kurudi. Alichoka kuwaona wamejikunyata kando ya redio.

"Zimeni hicho kitu," alisema. "Kama dunia imeharibika, jiko letu la nje nalo limebanduka udongo. Angalau hilo tunaliweza. Scola, lete ndoo!"

Wakakanda udongo mweusi wa mbugani pamoja na samadi, wakaukandika ukuta wa jiko mpaka ukawa laini. Kisha Bibi akamfundisha mjukuu wake kuupamba kwa vidole: udongo mweupe, udongo mwekundu, na majivu yaliyochekechwa. Akachora pembe za ng'ombe na mawimbi yanayofuatana.

"Mstari unauvuta mara moja, ukuta ukiwa bado mbichi," Bibi alimwonya. "Ukisimama katikati utakauka, na pale ulipoungia pataonekana."

Scola aliipenda kazi ile kupita kiasi. Mikono ikiwa ndani ya udongo, alisahau redio na minong'ono. Usiku alilala usingizi mnono, wa kwanza tangu wiki ianze.

Jirani yao, Apolonia, ambaye wote walimwita Mama Bujiku, hakuwa na usingizi wa aina hiyo. Mwanawe wa pekee, Bujiku, alikuwa akifanya vibarua Mwanza. Tangu Jumatano, siku ghasia zilipoanza, namba yake ilikuwa haipatikani. Mama Bujiku mwenyewe simu yake ilikuwa mbovu, na Bujiku alizoea kupiga kwa Martha pale ya mama yake inapogoma. Kwa hiyo tegemeo lake lote lilikuwa ile simu ndogo ya Martha, kitochi, iliyowekwa dirishani ambako mawimbi yanashika.

Jumamosi mchana wanawake hao wawili walikwenda kuchota maji kisimani. Bibi alikuwa amejilaza.

"Scola," Mama alisema akijitwika ndoo, "simu ikiita, pokea. Unajua tunachosubiri."

"Ndiyo, Mama."

Simu iliita. Iliita wakati Scola yuko katikati ya mstari mweupe mrefu, mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Mikono ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Aligeuza shingo tu. "Namalizia kidogo," alijisemea. Kidole kikaendelea kuteleza ukutani, na simu ikaendelea kuita. Alipofika mwisho wa mstari, ilikuwa imenyamaza.

Alijifuta upesi, akaitazama. Namba ngeni. Akajaribu kupiga, akaambiwa salio halitoshi, na maduka ya vocha yamefungwa. Akajituliza kwamba aliyepiga atapiga tena. Hakupiga.

"Mwadila, mayu," Mama Bujiku alimsalimu Bibi kwa Kisukuma aliporudi kutoka kisimani, kisha akamgeukia Scola, maji yakimchuruzika usoni kutoka kwenye ndoo. "Imeita?"

"Hapana," Scola alijibu.

Neno lenyewe lilitoka jepesi. Uzito wake ulikuja baadaye. Kila jioni Mama Bujiku alikuja, akauliza, akaambiwa na Martha kwamba bado. Kisha alivuta kigoda na kukaa kuuelekea ukuta.

"Nikiutazama ukuta huu moyo unatulia kidogo," alisema. "Hasa ule mstari mweupe. Mwanangu, Mungu akubariki mikono."

Scola aliona baraka ile kama kofi. Aliacha kuchora. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara mbili akauliza habari ya chumvi.

Jumanne Mama Bujiku alikuja macho yamemvimba. Hakuuliza kuhusu simu.

"Scola, kesho uje na kwangu," alisema. "Ukuta wa mbele umechakaa. Nichoree kama huu wenu. Kama ni msiba utakuja, watu wasinikute nyumba imekaa ovyo."

Hapo Scola akashindwa kabisa. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Alipiga," alisema. "Jumamosi. Ilikuwa namba ngeni. Nilikuwa nachora, mikono ina udongo, sikupokea. Nikasema haikuita. Nimewadanganya!"

Martha alisimama, mwiko mkononi. Mama Bujiku hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, "Jumamosi? Una hakika ni Jumamosi?"

"Ndiyo, mama."

"Ghasia zilianza Jumatano." Alihesabu kwa vidole. "Kama ni yeye, basi Jumamosi mwanangu alikuwa mzima. Na mimi nimemlilia siku zote hizi."

Scola hakuwa amewaza hilo. Alidhani amemnyima mazungumzo tu. Kumbe ule mlio peke yake ulikuwa habari tosha, na yeye aliufukia.

Duka la jirani lilikuwa limefungua nusu mlango. Martha alikimbia, akarudi na vocha. Scola akaitafuta namba, akabonyeza. Mwanamume mmoja akapokea, akaita jina, na baada ya muda ikasikika sauti wanayoijua.

"Mama? Simu yangu ilipotea kwenye purukushani. Niliazima hii nikapiga kwa Mama Scola, haikupokelewa. Nikajua na huko mmepatwa na balaa. Mama, mko wazima?"

Mama Bujiku alikaa chini udongoni, akalia na kucheka kwa pamoja.

Simu ilipokatwa, Martha alimtazama binti yake. "Kila jioni nilimwambia mwenzangu kwamba haijaita. Umenifanya na mimi kuwa mwongo bila kujua." Scola aliinamisha kichwa.

Bibi Ng'washi akamvuta mjukuu wake karibu.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kuchora si kosa. Siku mbaya kama hizi, mtu lazima apate pa kuuweka moyo wake. Na kosa la Jumamosi lilikuwa la mikono tu. Ungelisema jioni ile ile, tungekukemea likaisha. Ila mdomo ulipokataa kusema, kosa la dakika moja likamtesa mama wa watu hapa na kijana wake kule. Ukikosea, sema mapema. Ukweli ukichelewa, anayeumia ni mwingine."

"Nisamehe, Mama Bujiku," Scola alisema.

"Nitakusamehe," jirani alijibu, akijipangusa uso kwa kanga. "Lakini mtaa mzima unamwombea mwanangu. Twende nyumba hadi nyumba. Mimi nitawaambia kuwa yeye ni mzima. Wewe utawaambia kwa nini tumechelewa kujua."

Wakatoka. Wakafika mlango wa kwanza. Mama Bujiku alibisha hodi, akatoa habari yake, vigelegele vikapigwa. Kisha akamgeukia Scola.

Scola akasogea mbele. "Alipiga tangu Jumamosi," alisema. "Mimi ndiye sikupokea, halafu nikadanganya."