Gunia Kwenye Kiti cha Nkatha

Nkatha aliishi Timau, kati ya mashamba ya ngano. Hakuwa na kaka. Hakuwa na dada. Alikuwa na Babu, na Mama. Na Mama alikuwa na ndege.

Ndege ilikuja ndani ya masanduku, vipande vipande. Mama aliiunganisha mwenyewe, ndani ya banda.

"Mama, njoo tucheze."

"Nikimaliza bawa hili, mwanangu."

Tak, tak, tak, Mama ndani ya banda.
Kimya, kimya, Nkatha nje ya banda.

Bawa likaisha.

"Mama, njoo sasa."

"Nikimaliza mkia, mwanangu."

Tak, tak, tak, Mama ndani ya banda.
Kimya, kimya, Nkatha nje ya banda.

Mwenda, mtoto wa jirani, alichungulia juu ya ua.

"Mama yako anaunda nini?"

"Ndege."

"Ndege ya sanduku? Itaruka kama kuku!"

Mwenda alicheka. Akakimbilia kwa ndugu zake. Nkatha akabaki.

Siku moja Mama alifunga viti ndani ya ndege. Viti viwili.

"Hiki changu," alisema Mama. "Na hiki chako."

Nkatha alikaa. Miguu yake haikufika chini. Hakutaka kushuka.

Asubuhi ya kuruka ikafika. Nkatha alivaa sweta. Alikimbia hadi kwenye uwanja wa nyasi, pale ndege iliposimama.

Kwenye kiti chake palikuwa na gunia la mchanga. Gunia lilikuwa limefungwa mkanda.

"Mama! Hicho ni kiti changu!"

"Ndege mpya haibebi mtoto. Kwanza inabeba mchanga."

"Mchanga hauna macho! Hautaona kitu!"

"Kweli. Lakini tukitua vibaya, mchanga hauumii."

Vruuum! Ndege ilikimbia. Ikainuka. Ikawa ndogo kama nzi.

Babu alimshika Nkatha mkono.

Vruuum, vruuum, Mama juu ya ngano.
Kimya, kimya, Nkatha chini.

Ndege ikarudi salama. Kesho yake, gunia likapanda tena. Na kesho yake, tena.

"Gunia limekushinda!" alisema Mwenda.

Nkatha alikwenda kwenye ndege. Akalisogelea gunia.

"Umeona nini huko juu?" aliliuliza. "Niambie mimi tu."

Gunia likanyamaza.

Mama alikuwa nyuma ya bawa. Alisikia. Akaweka spana chini, akakaa kwenye nyasi.

"Nimekuacha peke yako sana, ee?"

"Ee," alisema Nkatha.

Mama alimpakata. Wakakaa hivyo mpaka Babu akawaita kula.

"Imebaki safari moja ya mchanga," alisema Mama. "Kisha wewe."

Safari hiyo ikaisha. Mama akafungua mkanda.

"Shuka, Bwana Gunia. Mwenye kiti amefika."

Vruuum! Nyasi zikakimbia. Kisha hakukuwa na nyasi tena.

Ngano ikawa mkeka. Mwenda akawa nukta. Nukta ilikuwa inapunga mikono yote miwili.

"Twende wapi?" Mama aliuliza kwa sauti kubwa.

Nkatha alimtazama. "Huna kitu cha kumaliza?"

"Leo sina."

"Basi twende mbali!"

Wakaenda mbali. Wakarudi polepole.

Jioni Mama alikuja kumlaza Nkatha. Alijinyoosha kidogo kando yake. Akasinzia yeye kwanza, viatu miguuni.

Nkatha alimvua kiatu kimoja. Akamvua cha pili. Akamfunika blanketi.