Binti wa Leandro na Mtoto wa Fundi Taa

Siku moja kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, soko la maua la Dangwa halikuwa na pa kuweka mguu. Manila nzima ilikuwa imewakumbuka marehemu wake kwa mpigo. Wachukuzi walipita mbio na mafungu ya maua ya njano mabegani, ndoo zilimwaga maji yaliyochacha, na majani yaliyokanyagwa yaliteleza kama matope.

Katikati ya msukumano huo alisimama Ligaya Montecillo, amejificha kadiri mtu anavyoweza kujificha saa nne asubuhi: kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, barakoa, miwani myeusi, fulana pana ya kiume iliyomfika magotini. Uso aliufunika. Alichosahau ni sauti.

“Nipe mayungiyungi meupe, mama, mafungu mawili.”

Muuza maua akainua kichwa. Sauti ile ilikuwa imelia kwenye runinga ya sebuleni kwake kila jioni kwa miaka na miaka. “Mungu wangu! Ni Ligaya! Njooni muone, ni Ligaya!”

Simu zikainuliwa. Mtu akavuta mkoba, mwingine akavuta kofia. Ligaya alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ndoo.

“Wewe Nena!” Mwanaume mmoja mrefu, shati la bluu limelowa jasho, maua kwapani, alipasua watu na kumshika kiwiko. “Mama anaiva kwenye gari, wewe umesimama hapa unajionyesha? Jamani, tuachieni. Kila tukitoka ni hayohayo. Anafanana naye tu, na deni la kufanana halilipwi!”

Watu wakacheka. Ligaya akaelewa. “Na wewe kaka umezidi,” akamjibu kwa sauti nzito ya puani, “kila siku kunikokota kama gunia!”

Walipopinda kona ya tatu ndipo alipomwachia.

“Ulijuaje kama sitapiga kelele?”

“Wewe ni mwigizaji. Nilijua utaingia kwenye mchezo.”

“Kwa hiyo umenijua kwa sauti, kama yule mama.”

“Kwa miguu. Unatembea kama mtu aliyezoea kuruka waya wa taa.”

Ligaya akacheka, jambo ambalo hakulitarajia siku ile. Yule mwanaume aliitwa Rodel Maghirang, fundi wa lifti katika majengo ya Makati. Maua yake yalikuwa ya baba yake. Ya Ligaya pia yalikuwa ya baba yake. Waliagana bila kupeana namba, kisha Rodel akarudi mbio akiwa ametoa simu, aibu imemjaa usoni.

Katika ukoo wa Montecillo hakuna aliyeulizwa anataka kuwa nani. Bibi yake Ligaya alikuwa nyota tangu enzi za picha zisizo na rangi. Baba yake, Leandro, ndiye aliyekuwa shujaa wa taifa zima, mwanaume ambaye kwa ajili yake wanawake walizimia kwenye milango ya sinema. Mama yake, Consuelo, aliigiza kama mpenzi wa Leandro mara saba kabla ya kuolewa naye. Ligaya mwenyewe alianza kulia mbele ya kamera akiwa na miaka mitano, katika tangazo la sabuni. Alipokuwa na tisa, Leandro alikufa kazini, katikati ya filamu ambayo haikumalizwa. Moyo, wakasema. Wiki tatu baadaye mtoto alirudishwa studio, kwa sababu mtoto aliyefiwa analia vizuri zaidi. Aliyemrudisha ni Arsenio, kaka mkubwa wa Leandro, mwongozaji na mwenye studio, mwenye nyumba waliyolala na gari walilopanda. Sasa Ligaya alikuwa na miaka ishirini na tisa, tuzo kabatini, na hajawahi kuchagua hata gauni la kuvaa kwenye sherehe.

Rodel alikuwa kitu cha kwanza alichokichagua.

Walipendana zaidi kwa simu, Ligaya kwenye chumba cha kujipamba, Rodel juu ya paa la jengo fulani, upepo ukivuma kwenye kipaza sauti.

“Umekula, kipenzi?”

“Nimekula.”

“Nini?”

“Majani.”

“Kwani wewe mbuzi?”

“Ba'mkubwa kasema nikinenepa gauni la mvua halitafunga.”

“Mwambie apanue gauni, aache mwili wa watu. Gauni gani hilo la mvua?”

“Si nilikuambia? Tunamalizia filamu ya baba, ile aliyoiacha njiani. Wamegeuza hadithi, shujaa sasa ni binti yake. Mafuriko tunayapiga picha Studio Nambari Tatu, kwenye birika kubwa la maji, lilelile alilotumia baba.”

Upepo tu.

“Rodel? Upo?”

“Nipo.”

“Mbona umenyamaza?”

“Mtandao, mpenzi. Mtandao unakata.”

Mtandao haukukata. Tangu siku hiyo Rodel alikuwa mtu mwingine. Aliuliza tarehe ya tukio la mafuriko, siku mbili baadaye akaiuliza tena. Katikati ya mlo aliweka kijiko chini, akamtazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaomba chumvi. Na kulikuwa na gari la kijivu. Ligaya aliliona nje ya mgahawa wa supu walikozoea kukutana, akaliona tena karibu na kanisa, dereva akiwa ndani, injini inanguruma bila kwenda popote.

Mwishoni mwa Julai, Arsenio alimwita nyumbani kwake. Alikuwa mezani, shati jeupe la nyuzi za nanasi limenyooshwa bila kunyanzi, nywele za mvi zimelazwa kwa mafuta. Consuelo alikaa pembeni ameshika rozari, hakuinua macho. Arsenio alisukuma bahasha.

“Fungua.”

Ndani kulikuwa na picha mbili. Moja ya Rodel, amepigwa kwa mbali akifungua mlango wa nyumba yake. Nyingine ya zamani: kundi la mafundi wa studio, na mmoja wao, mwembamba mwenye glavu za mpira, alikuwa na uso uleule.

“Huyo ni Berting Maghirang, fundi taa,” alisema Arsenio. “Uzembe wake ndio uliomuua baba yako. Umeme uliingia kwenye maji. Na huyo unayemwita mpenzi ni mwanawe. Unadhani alikuokota sokoni kwa bahati? Amekuja kutuchimba, mwanangu.”

Ligaya alizirudisha picha kwenye bahasha. “Mlisema ni moyo.”

“Tulikuwa tunakulinda.”

“Mama?”

Consuelo aliendelea kusogeza punje za rozari.

Ligaya alimpigia Rodel akiwa bado kwenye ngazi za nyumba ile.

“Baba yako alikuwa nani?”

“Nani kakwambia?”

“Hilo ndilo jibu lako? Nani kakwambia?”

“Ligaya, nisikilize. Sokoni ilikuwa bahati, naapa. Nilikujua ni nani, ndiyo, nani asiyekujua? Kukupenda sikupanga.”

“Miezi tisa, Rodel! Umekula na mimi, umenishika mkono kwenye kaburi la baba yangu!”

“Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia. Neno kama lile halina siku nzuri.”

“Basi leo umepata.” Akakata, akazuia namba yake, akakaa kwenye ngazi hadi dereva alipokuja kumgusa bega.

Siku ya mafuriko ilifika katikati ya Agosti. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga ng'ambo ya pwani ya mashariki, na mbingu ya Novaliches, kitongoji cha studio, ilikuwa ya rangi ya risasi tangu asubuhi. Studio Nambari Tatu ilinukia ukungu na rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu. Birika lilikuwa limejazwa tangu jana, maji meusi, yametulia. Juu yake zilining'inia taa kubwa kumi na mbili, na kebo zake zilishuka ukutani zikiwa zimefungwa kwa utepe mweusi hapa na pale.

Walimvisha Ligaya gauni la hariri ya manjano lililobana kiuno, lulu za bandia masikioni, nywele zimesukwa kama za bibi yake. Alijitazama kwenye kioo akaona mtu aliyevalishwa kwa mazishi.

Simu ya mpambaji wake ikalia. Mpambaji akasikiliza, akamnyooshea Ligaya simu. “Dada, ni yeye. Yuko getini, walinzi wamemzuia. Anasema neno moja tu, halafu hatakusumbua tena maisha yake yote.”

Ligaya alitaka kukataa. Mkono ukapokea.

“Sema.”

“Sikuombi uniamini.” Rodel aliharakisha maneno. “Baba aliwaambia zile kebo zimechoka, kikata umeme kimeondolewa, mtu asiingie kwenye maji. Alifukuzwa siku ileile ya msiba na kuitwa muuaji hadi anakufa. Inawezekana alitudanganya sisi wanawe, sijui, sikuwepo. Ila waulize swali moja mbele ya watu wote. Uliza kama hizo taa zina kikata umeme. Wakikujibu, ingia. Wakinyamaza, kipenzi changu, toka.”

Alirudisha simu bila kujibu, akatoka kwenda kwenye birika. Watu hamsini walikuwa wakimngoja. Consuelo alikaa kwenye kiti cha turubai nyuma ya kamera, gauni jeusi, uso umepakwa poda hadi umekuwa mweupe. Taa zikawashwa. Joto likashuka mabegani.

Ligaya alivua viatu, akafika ukingoni. Kidole cha mguu kilikuwa inchi moja juu ya maji.

“Ba'mkubwa,” akaita. “Hizi taa zina kikata umeme?”

Arsenio alishusha karatasi zake. “Nini?”

“Nauliza tu. Umeme ukiingia majini, kuna kitu kitakachoukata?”

Hakuna aliyejibu. Mafundi walitazama viatu vyao. Juu, taa moja ilikuwa inalia kama nzi aliyefungiwa chupani.

“Tumechelewa, Ligaya,” Arsenio alisema polepole. “Kimbunga kinakuja. Baba yako hakuwa na maswali. Alipoambiwa ingia, aliingia.”

“Aliuliza.”

Sauti ilitoka nyuma ya kamera. Consuelo alikuwa amesimama, rozari imeanguka miguuni.

“Kaa chini, Consuelo.”

“Aliuliza, Arsenio. Mara mbili. Berting alikuwa palepale, akasema usiingie, Bwana Leandro. Wewe ukamwambia Berting afunge mdomo wake. Ukamwambia mdogo wako kwamba mwanaume wa kweli haogopi maji. Nilikuwa nimesimama hapahapa.”

Fundi taa mkuu, mtu mzima aitwaye Nestor, hakungoja amri. Alipiga goti ukingoni, akachovya kipima umeme kwenye maji. Kitaa chake chekundu kikawaka.

Mtu alipiga yowe. “Zima! Zima zote!” Giza likaanguka juu ya studio kwa kishindo cha swichi, na gizani Ligaya alisikia mama yake akilia, kilio kibovu cha pua na makamasi, kilio ambacho hakuna mwongozaji angekikubali.

“Kwa nini, Mama? Miaka ishirini!”

“Nilikuwa na wewe wa miaka tisa, na nyumba ilikuwa yake. Mwaka wa kwanza niliogopa. Miaka iliyofuata niliona aibu.”

Ligaya alimshika mkono wakatoka. Arsenio aliwapigia kelele kwa nyuma kwamba hakuna studio Manila nzima itakayomfungulia Ligaya mlango. Ligaya hakugeuka, ingawa alijua mzee haongopi katika hilo.

Mvua ilikuwa imeanza. Rodel alikuwa nje ya geti, amelowa, walinzi wawili mbele yake. Alipomwona anakuja peku, gauni la manjano linaburuzika kwenye matope, alishika nondo za geti kwa mikono miwili.

“Walinyamaza,” alisema Ligaya.

“Hujaingia?”

“Ningeingia ungeniona hapa, mjinga wewe?” Akaanza kumpiga kifuani kwa ngumi ndogondogo. “Miezi tisa! Ungeniambia!”

“Ningekuambia.”

“Usinifiche kitu tena. Hata kama kitaniua.”

“Sitakuficha.”

“Apa.”

“Naapa kwa mama yangu.”

“Basi nipeleke kwake.”

Arsenio alitimiza neno lake. Tamthilia mbili zilimwondoa Ligaya kabla mwezi haujaisha, na matangazo yenye uso wake yakashushwa barabarani. Polisi walichukua maelezo ya Nestor, wakasema watarudi. Gari la kijivu liliendelea kuonekana mtaani kwa Rodel. Katika hali hiyo, Jumapili moja ya Septemba, watu watatu walisafiri hadi Batangas, nyumbani kwa kina Rodel.

Kwa desturi, upande wa mwanaume ndio huenda kubisha nyumbani kwa mwanamke na vyakula na maneno matamu. Safari hii aliyebisha ni Consuelo Montecillo, gauni la kawaida la maua, uso bila poda, sufuria ya tambi za kukaanga mikononi.

Mama Iluminada, mjane wa Berting, alifungua mlango. Alikuwa mwanamke mdogo, amekaza kama kamba. Ligaya aliinama, akaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Mama mtu hakuuondoa mkono, wala hakutabasamu.

“Mama,” Rodel alisema, “nataka kumuoa Ligaya. Tumekuja kuomba baraka.”

“Nimesikia.” Iluminada alikuwa anamtazama Consuelo. “Kaeni.”

Walikaa. Kahawa nzito ya Batangas ikamiminwa. Hakuna aliyeigusa.

“Habari za harusi zitasubiri,” alisema Iluminada. “Watoto hawa wapendane, siwazuii. Ila wewe mama ulikuwepo. Mume wangu alikaa kwenye kiti hicho miaka sita, watu wanapita hapo nje wakimnyooshea kidole, na kila siku aliniambia, ‘Nilisema, Ilu, niliwaambia.’ Nikafika mahali nikaacha kumwamini. Alikufa akijua simwamini.” Akasukuma kikombe pembeni. “Alisema nini siku ile?”

Consuelo alifumbata mikono mapajani. Alikuwa ameigiza mbele ya maaskofu na mbele ya marais, lakini sasa sauti ilimtetemeka kama ya mwanafunzi.

“Alisema, usiingie, Bwana Leandro. Kebo zimechoka.”

“Mara ngapi?”

“Alirudia hadi wakamsukuma nje.”

Iluminada alifumba macho. Rodel aligeukia dirishani, mabega yanatikisika, na Ligaya akamshika mgongo kwa kiganja kizima.

“Sema tena,” alisema mjane.

Consuelo akasema tena.