Mzee Aliyemkimbia Eufrasia

"Mzee! Mzee, chungu chako!" muuza vyungu alipiga kelele.

Mzee hakugeuka. Alijifunika koti kichwani, akaacha njia, akatumbukia kwenye migomba kama aliyeona nyoka.

Sekunde chache kabla alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili, anacheka.

"Ugonile, mwanangu! Mgeni wa wapi wewe?"

"Kwetu Talatala, baba, ila nimekulia Dodoma."

Sikujitambulisha zaidi, lakini nilimfahamu kwa picha. Huyu alikuwa Mzee Nsajigwa wa Ikolo, baba wa mchumba wangu, Ambwene. Ambwene huyo huyo aliyeniambia baba yake ni mgonjwa, hainuki kitandani, kwa hiyo barua ya posa ingeletwa Jumapili na baba mdogo. Mgonjwa gani anatoka Ikolo mpaka soko la Lyulilo kuchagua vyungu? Nilikuwa bado najiuliza hilo ndipo rafiki yangu Eufrasia alipotokea na soda mbili, na mzee akakimbia.

Niligeuka kumwangalia Eufrasia. Alikuwa amechuchumaa, ameipa njia mgongo, kanga usoni.

"Eufrasia, una nini?"

"Nimedondosha hereni."

"Huyo mzee mnajuana?"

"Mimi Mhaya wa Muleba nimjue wapi mzee wa Kyela? Chukua soda yako, inapata moto."

Nikainywa, lakini ladha sikuisikia. Eufrasia nafanya naye kazi ofisi moja Mbeya. Yeye ndiye aliyenikutanisha na Ambwene. Likizo hii nilimleta Matema tuogelee, tule samaki, tulale, nimwonyeshe ziwa la baba zangu. Mwanangu Asajile, ana miaka saba, nilimwacha kwa bibi yake. Siku tatu zilikuwa tamu. Sasa nilitembea nyuma yake nikijiuliza. Mzee kamchukia bure? Kamfananisha? Au ni mambo ya imani?

Tulipofika tulikofikia nikajificha nyuma ya jiko, nikampigia shangazi yangu wa Talatala.

"Shangazi, kwa nini mzee amkimbie mwanamke njiani?"

"Alikuwa amelewa?"

"Mzima kabisa. Kajifunika koti usoni, kaingia migombani."

"Na mwanamke?"

"Kachuchumaa, kageukia pembeni."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa.

"We mtoto wa Dodoma! Huyo si mkamwana wake? Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, ndiyo heshima yetu. Siku hizi mnapeana mikono kama wanasiasa, lakini wazee wachache bado wanaishika."

"Na kama huyo mzee mimi kanishika mkono, shangazi?"

"Basi wewe kwake ni mpita njia tu. Lusungu? Ni mzee gani huyo?"

"Simjui, shangazi. Ndaga, asante."

Nikakata simu. Mzee Nsajigwa ana mabinti wanne na mtoto wa kiume mmoja tu.

Eufrasia nilimkuta amekaa mchangani, miguu majini.

"Hereni uliipata?"

"Niliipata."

"Masikio yako hayajatobolewa, Eufrasia."

Akajishika sikio. Mkono ukabaki hapo hapo.

"Ambwene alikupeleka kwao lini?"

"Lusungu..."

"Nimekuuliza lini."

"Mwaka wa tatu huu. Mama yake ndiye aliyenifundisha kuchuchumaa. Mimi ndiye niliyetangulia, Lusungu."

"Ulitangulia, halafu ukanikutanisha naye? Ukaenda na mimi mpaka kwa fundi kupima gauni?"

"Sipati mtoto. Nimetumia dawa za hospitali, nimeombewa, hakuna. Akasema wewe umeshazaa, inajulikana unaweza. Azae na wewe mmoja, wazee wake watulie, halafu..."

"Halafu mimi nipelekwe wapi?"

"Hakumalizia. Na mimi sikuuliza."

"Kumbe nilichaguliwa kama kuku wa mayai. Na Asajile wangu ndiye cheti."

"Nilikuja huku nikuambie kabla ya barua. Kila asubuhi nasema leo. Nikikuona unavyocheka kwenye maji, nashindwa."

"Usiyasingizie maji."

Akalia. Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumfuta machozi, nisijue nianze na lipi. Kumchukia nilishindwa, kumwonea huruma nilikataa. Aliyenichanganya zaidi ni Ambwene kule Mbeya, aliyeniandikia asubuhi ile ile: "Mke wangu mtarajiwa, umeamkaje?"

Nikachukua simu, nikamwandikia: "Ambwene, mkeo anarudi Mbeya leo. Kampokee stendi."

Jibu halikuchukua dakika.

"Yupi?"

Nikalisoma. Nikalisoma tena. Nikamkabidhi Eufrasia simu. Akafuta macho kwa kanga, akatazama kioo muda mrefu, kisha akaninyanyulia uso.

"Lusungu, kwani tuko wangapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye mwenyeji?"

Akacheka kidogo, cheko la ovyo lenye kamasi, halafu likageuka kilio kikubwa kuliko cha kwanza. Nikachukua simu yangu, nikaandika la mwisho: "Mimi nimetoka. Barua isifike Talatala. Waliobaki jipangeni." Nikaizuia namba yake asinipate tena.

Eufrasia alisimama, akakung'uta mchanga.

"Naenda kufunga begi."

"Unarudi kwake?"

"Naanzia Ikolo. Nitasimama mlangoni kwa mzee nimtazame usoni, ajue mimi si mkamwana wake tena."

"Utamtia aibu."

"Mwanawe ndiye ametutia aibu wote."

Sikumwambia nenda, sikumwambia baki. Nilimbebea begi mpaka barabarani.