Aliyejibu Kabla ya Odessa

Hebu fumba macho kidogo, ulione jiko moja dogo huko Mobile, Alabama, Jumamosi asubuhi. Chanuo la chuma linapata moto juu ya jiko la gesi. Binti wa miaka kumi na miwili, Jonelle, ameketi akisubiri mama yake, Odessa, amnyooshe nywele. Simu inalia. Ni Dada Eula wa kanisani.

"Dada Odessa, unaendeleaje, mpenzi?"

"Nimebarikiwa. Sina la kulalamikia."

Jibu zuri. Ila Odessa alikuwa bado hajafungua kinywa. Sauti ilikuwa yake kabisa, lakini ilitoka nyuma ya friji.

"Wewe ni mwamba!" Dada Eula akacheka. "Mwingine angekuwa kitandani hadi leo."

Jiko likajaa harufu ya nywele zilizoungua, na chanuo halijagusa hata unywele mmoja.

Lucius, mume wa Odessa, alikuwa amezikwa wiki tano zilizopita baada ya moyo wake kusimama ghafla. Siku ya mazishi, akina mama wahudumu wa kanisa, wenye sare nyeupe, walisimama nyuma ya mjane na leso na mapepeo yao, tayari kumdaka. Hakuanguka wala hakulia. Kanisa zima lilimsifu, na sifa zile, kumbe, zilikuwa na mlaji wake.

Mlaji huyo alikuwa jini, naye akazoea nyumba. Mleta barua akiuliza hali, jini anajibu. Mkubwa wa kazi akipiga simu, jini anajibu. Kila Odessa aliposifiwa, hatua za yule asiyeonekana zilizidi uzito ukumbini, mpaka mbao za sakafu zikawa zinalia. Mchungaji alikuja na mafuta ya kuombea. Sauti nyuma ya friji ikaitika "Amina!" kwa nguvu kuliko wote, naye mchungaji akatoka amefurahi: "Huyu mama ana imani!"

Alasiri moja Jonelle alisimama nje ya mlango wa bafu. "Mama, kifua kinanibana. Nikimkumbuka Baba siwezi kuvuta pumzi."

Odessa alikuwa ndani, ameshika kitasa, kinywa wazi, hana sauti. Jini akajibu kwa ajili yake.

"Acha upuuzi. Mambo ya nyumba hii hayatoki nje ya nyumba hii. Omba Mungu, kisha ukaoshe vyombo."

"Ndiyo, Mama," mtoto akasema, akaenda.

Kesho yake, mezani, Odessa akamuuliza, "Umelala vizuri, mwanangu?"

"Nimebarikiwa," ikajibu sauti nyembamba ya kitoto. Jonelle alikuwa anatafuna mkate, midomo yake imefungwa.

Odessa alimshika mkono bintiye, wakatoka mbio bila hata kufunga mlango, hadi saluni ya Vernelle. Vernelle alikuwa msusi aliyesomea pia, jioni mbili kwa wiki, namna ya kuwasikiliza watu wenye huzuni. Wateja walimtania wakimwita daktari wa vichwa, nje na ndani. Alinusa hewa mara moja tu, akafunga mlango.

"Huyo namjua," alinong'ona. "Alikaa na mama yangu mpaka tukamzika. Lala hapa, shoga. Atakutangulia kujibu. Mwache ajibu, halafu ujibu wewe."

Akamlaza kichwa kwenye sinki, akafungulia maji ya vuguvugu. "Odessa, unaendeleaje?"

"Nimebarikiwa," ikasema sauti toka ndani ya draya ya kukaushia nywele.

"Sijakuuliza wewe. Odessa, unaendeleaje?"

Taa zikafifia, na jini akaanza kusema kwa haraka, kwa chuki, kwamba mwanamke huyu akilia leo hatanyamaza tena, kwamba watu watamcheka, kwamba watamnyang'anya mtoto, kwamba mama yake na bibi yake walibeba mazito kuliko haya wakafa midomo imefumbwa, na yeye ni nani hata ajione laini, na kwamba yeye, jini, hakuanza na Odessa, alianza na Lucius, kwenye gari, kila jioni, mbele ya nyumba.

Odessa akakumbuka. Lucius alikuwa akirudi kazini anakaa saa nzima ndani ya gari lililozimwa. Odessa alikuwa akimgongea kioo cha gari: "Kuna nini?" Na jibu lilikuja: "Niko sawa." Hakuwahi kutazama midomo ya mumewe.

"Siko sawa," Odessa akasema. Sauti ilitoka kooni kwake, ikikwaruza kama chuma chenye kutu. "Siko sawa, Vernelle! Nimemkasirikia maiti. Nilimwona anakufa kidogo kidogo mle garini, nikamwambia chakula kinapoa!"

Akalia kilio cha wiki zote zile. Sinki likanguruma, harufu ya kuungua ikavutwa chini na maji, na kioo cha mlango kikapasuka toka juu hadi chini.

Odessa aliinuka, nywele zikidondosha maji, akapiga magoti mbele ya bintiye. "Na wewe, mwanangu?"

Wakasubiri. Hakuna aliyetangulia.

"Vibaya, Mama," Jonelle akasema, na midomo yake ilitikisika. "Vibaya sana."

"Niambie yote."

Walikuwa bado wamekumbatiana mlango ulipofunguliwa, akaingia mteja mwingine, mwalimu wa shule ya jirani, mwenye tabasamu pana.

"Habari yako, mpenzi?" Vernelle akamuuliza.

"Nimebarikiwa!" ikaja sauti.

Tabasamu la yule mwalimu halikusogea hata kidogo.

Basi, mpendwa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukimuuliza mtu hali, mtazame midomo.